Uzoefu wangu na piki za gitaa, kuanzia kadi ya benki hadi Tortex ya kijani

Ninapiga gitaa kwa mwaka wa tisa sasa: Jumapili asubuhi katika kanisa letu Moshi, ambako ninapiga rithim ya mapambio na nyimbo za kwaya, na jioni za Ijumaa na Jumamosi katika hoteli moja ya Arusha, ambako sisi watano huwapigia wageni waliorudi mbugani au walioshuka mlimani. Katika miaka sita ya mwanzo sikuwahi kuchagua piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, hata moja. Nilitumia iliyokuwepo, na mara nyingi iliyokuwepo ilikuwa kipande nilichokata kwa mkasi kutoka kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda wake.

Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kipimo kilekile duniani kote, na nilipokuja kulijua hilo nilielewa kwa nini piki zangu za kadi zilinifaa kwa kiasi fulani, maana huo ni unene wa kati hasa. Kasoro ilikuwa kwenye plastiki yenyewe. Ukingo uliokatwa kwa mkasi hubaki na meno madogo ambayo jicho haliyaoni lakini uzi unayahisi, kwa hiyo kila mpigo ulitanguliwa na mkwaruzo. Isitoshe, baada ya nyimbo nne au tano ncha ilikuwa imelika upande mmoja na kuacha unga mweupe juu ya mbao za gitaa, chini kidogo ya tundu la sauti. Nilikuwa nikiufuta unga huo kwa kiganja kila baada ya ibada bila kujiuliza unatoka wapi.

Miaka mitatu iliyopita niliamua kununua piki za dukani. Duka moja la vyombo vya muziki mjini Arusha liliniuzia kumi kwa mpigo, zisizo na jina la mtengenezaji, zote zimepigwa chapa ya 0.71, yaani unene wa milimita 0.71. Zilipofika mkononi nilihisi hazifanani, nyingine laini na nyingine ngumu, nikazipeleka kwa rafiki yangu fundi wa vyuma kule mtaa wa Unga Limited ambaye ana kipimo cha venia, kifaa cha kupima hadi sehemu ndogo za milimita. Tulizipima moja moja juu ya meza yake. Ipo iliyotoa 0.60, ipo iliyofika 0.80, na tatu tu ndizo zilizokaribia namba iliyoandikwa. Nilirudi dukani na karatasi ya vipimo, nikajibiwa kwamba piki ni piki. Jibu hilo liliniudhi, na ndilo lililonifanya nianze kununua piki moja moja za aina mbalimbali, kuzipiga kwa wiki kadhaa kila moja, na kuandika kwenye daftari nilichokisikia.

Jambo la kwanza nililojifunza, ambalo ningependa kila mnunuzi alijue kabla ya kutoa fedha, ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye piki inataja unene tu wala haitaji ugumu. Ugumu unatokana na unene pamoja na malighafi. Piki ya nailoni ya 0.73 hupinda kwa urahisi kuliko ya seluloidi ya 0.71, ingawa kwa namba, ile ya nailoni ndiyo nene zaidi. Anayehama kutoka malighafi moja kwenda nyingine huku akishikilia namba yake ya zamani atadhani mkono wake umeharibika.

Seluloidi ndiyo plastiki ya zamani zaidi kati ya hizi za kisasa. Kabla yake piki bora zilichongwa kutoka kwenye gamba la ng'amba, kasa yuleyule ambaye watu wa pwani yetu wanamfahamu, na biashara ya kimataifa ya gamba hilo leo imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 1922, huko New York, Luigi D'Andrea alianza kukata piki kutoka kwenye mabamba ya seluloidi, na rangi ya kahawia yenye mabaka ambayo bado tunaiona madukani ni ya kuiga gamba lile. Ukitaka kujua kama uliyouziwa ni seluloidi kweli, isugue kwa nguvu juu ya kitambaa hadi ipate joto, kisha uinuse, nayo itanukia kafuri, kwa sababu kafuri ni sehemu ya utengenezaji wake. Usiijaribu kwa kiberiti, kwani seluloidi hushika moto upesi mno. Kwa sauti, hii ndiyo ninayoipenda kwenye gitaa kavu, yaani lisilo la umeme: mpigo unatoka mzito kidogo, umetulia, hauchomi masikio. Kasoro yake ni kwamba hulika haraka, na uso wake laini huanza kuteleza vidole vikilowa jasho.

Nailoni ni kinyume chake katika mengi. Haivunjiki kirahisi, na hata uikunje kwa vidole viwili inarudi ilivyokuwa. Piki ya nailoni ya 0.60 niliyoitumia kwa mapambio ya haraka iliufanya mkono wangu uwe mwepesi kuliko nilivyozoea, kwa sababu ncha inaupisha uzi bila kubishana nao. Nyingi zina maandishi au vituta vilivyoinuliwa ili kidole gumba kipate mahali pa kushika. Hata hivyo, baada ya muda ukingo wake huota manyoya membamba sana, na hapo sauti inafifia na kuwa kama inatoka nyuma ya pazia.

Ya tatu ni Delrin, plastiki iliyobuniwa na kampuni ya DuPont, ambayo Dunlop ya Marekani ilianza kuitumia mwaka 1981 kwa piki zake za Tortex, zile zenye picha ya kobe. Hizi hupangwa kwa rangi: nyekundu ni 0.50, ya chungwa 0.60, ya njano 0.73, ya kijani 0.88, ya bluu 1.0 na ya zambarau 1.14. Nimezipenda rangi hizo kwa sababu ya kawaida kabisa: jukwaani Arusha taa zetu ni hafifu, na kusoma namba iliyokwisha kufutika nusu huku wimbo unaanza ni kazi isiyowezekana. Lakini sababu kubwa ni uso wake. Uso wa Tortex haung'ai. Ukiugusa unahisi kama umepakwa poda. Kanisani Moshi, mwezi Februari, watu wamejaa na feni hazitoshi, piki ya seluloidi ilikuwa ikizunguka vidoleni mwangu hadi nikawa napiga kwa ubavu wake badala ya ncha. Ya Delrin ilikaa palepale. Arusha ni mambo mengine. Usiku wa Julai baridi inakausha ngozi, vidole vinakuwa vigumu, na hapo ninapendelea nailoni yenye vituta kwa kuwa ngozi kavu nayo huteleza. Kati ya miji hii miwili kuna kilomita 80 hivi tu, lakini mkono wangu unataka piki tofauti.

Kuhusu unene, niseme kwa kirefu kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapopotoshwa na ushauri wa kwamba anayeanza atumie nyembamba na aliyekomaa atumie nene. Kinachotokea ni hiki. Piki nyembamba hupinda kabla uzi haujaachiwa, na nguvu ya ziada ya mkono inaishia kwenye huko kupinda, kwa hiyo mpigo wa nguvu na mpigo wa upole hutoka na sauti zinazokaribiana. Kwa mpiga rithim hilo ni msaada, maana kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinatoka sawasawa tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa mpiga solo hilo ni kizuizi, maana hawezi kuinua noti moja juu ya nyingine, na katika sebene ya kasi ncha iliyopinda inachelewa kurudi kupokea mpigo unaofuata. Piki nene hupeleka kwenye uzi kila kitu ulichofanya, pamoja na makosa yako. Nilipopewa zamu ya solo kwa miezi miwili, nikapanda kutoka 0.73 hadi 1.0, wiki ya kwanza nilisikia makosa ya kifundo cha mkono ambayo piki nyembamba ilikuwa imenifichia kwa miaka.

Mpwa wangu wa miaka 13 anajifunza kwenye gitaa langu la zamani. Nilimpa piki nene ya milimita 1.5 nikidhani namfanyia wema. Baada ya siku mbili akaniambia, "Shikamoo, mjomba. Hii inagonga nyuzi kama inagonga mlango, na vidole vinaniuma." Nilipomtazama anavyopiga nikaona anaibana piki kwa nguvu zote ili isimponyoke, na mkono mzima hadi kwenye bega umekakamaa. Nikambadilishia ya nailoni ya 0.60, na jioni ileile bega lilishuka. Nadhani mtu anayejifunza kodi aanze na kati ya 0.60 na 0.73, kisha apande mwenyewe atakapohisi piki inamchelewesha.

Umbo nitalipita upesi kidogo. Lililoenea ni lile la pembetatu yenye mabega ya mviringo, linalojulikana kwa namba 351, na kwa kazi nyingi halina shida. Ukigeuza piki hiyo na kupiga kwa bega lake badala ya ncha, unapata sauti nene na laini zaidi, ujanja ninaoutumia kwa nyimbo za maombi. Pembetatu kubwa yenye ncha tatu zinazolingana inawafaa wapiga besi wanaotumia piki, na ni ya kiuchumi pia, kwa sababu ncha moja ikilika unazungusha. Ndogo yenye ncha kali, kama Jazz III nyekundu ya nailoni yenye milimita 1.38, ni ya solo. Ni ngumu ingawa ni nailoni, kwa sababu ya unene wake, na ncha yake inaingia na kutoka kwenye uzi kwa mwendo mfupi sana. Kwa kucharaza kodi sikuiweza: ni ndogo mno, na kucha zangu ziligonga nyuzi.

Kuna jambo moja dogo ambalo maduka hayalitaji, nalo ni ukingo. Shika piki mbele ya dirisha na utazame ubavu wake. Ikiwa ukingo umekatwa wima kama kadi yangu ya benki, utasikia mkwaruzo kwenye zile nyuzi nne nene za gitaa kavu zilizozungushiwa waya. Ikiwa umechongwa mshazari na kulainishwa, mpigo utateleza. Piki yenye ukingo mbaya inaweza kuokolewa. Mimi huisugua kwa msasa laini wa namba 1000, pande zote mbili kwa mshazari, kisha kwenye paja la suruali ya jinzi kwa dakika tano hivi hadi kidole kisihisi kitu. Baadhi ya zile piki kumi nilizozilalamikia nimezifufua hivyo, na mpwa wangu anazitumia.

Kwa anayekwenda kununua Arusha au Moshi, nashauri abebe gitaa lake mwenyewe, kwa sababu piki iliyosikika vizuri kwenye gitaa la umeme la dukani inaweza kukwaruza vibaya kwenye gitaa kavu la nyumbani. Anunue moja ya seluloidi, moja ya nailoni na moja ya Delrin, zote za unene unaokaribiana, kabla ya kununua pakiti ya aina yoyote. Mimi nililipa shilingi 2,000 kwa moja, na tatu zilinifundisha zaidi ya zile kumi za mwanzo.

Leo kwenye mfuko mdogo wa shati langu la Jumapili kuna Tortex mbili za kijani. Moja imelika ncha upande wa kushoto, upande unaokutana na uzi ninaposhuka, kwa hiyo tangu Pasaka ninapiga kwa bega lake la kulia. Katika kasha la gitaa la Arusha kuna nailoni ya 0.73 kwa ajili ya baridi na Jazz III kwa siku mwenzangu wa solo asipofika.