Uzoefu wangu wa kuchakata picha za anga kwa Siril nikiwa Moshi

Siril ni programu ya bure ya kuchakata picha za anga, inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, nami naitumia kwa picha ninazopiga hapa Moshi kwa kamera ya kawaida, lenzi ya milimita 85 na stendi isiyozunguka. Sina mtambo wa kufuata nyota, na kwa mahali tulipo kuulenga kungekuwa kazi, maana hulengwa kwenye ncha ya anga, yaani pale nyota zinapoonekana kuzungukia: tuko digrii 3 na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga imelala karibu na upeo wa macho, na ile ya kaskazini imezama chini yake, upande uleule wa Kilimanjaro. Kila picha yangu basi huwa ya sekunde 2 au 3, nayo imejaa chengachenga.

Dawa ya chengachenga ni wingi. Hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, yaani picha 4 zikiunganishwa hubaki nusu, na picha 100 hubaki sehemu ya kumi. Katika Siril unatengeneza folda nne, ambazo majina yake ni lights (picha zenyewe za anga), darks (za giza), flats (za mwanga sawia) na biases (za muda mfupi kabisa, lenzi ikiwa imefunikwa), kisha unaamuru skripti, yaani mfululizo wa amri, iliyokuja na programu, nayo inasahihisha, inalinganisha nyota na kuunganisha picha zote bila kukuuliza neno. Picha za giza, zinazopigwa lenzi ikiwa imefunikwa, ni vizuri zipigwe palepale nje, kwa sababu chengachenga za kamera hubadilika kadiri joto linavyobadilika, na usiku wa Januari hapa haufanani saa mbili na saa tisa. Za mwanga sawia nazipiga kwa kutandaza shuka jeupe mbele ya lenzi.

Jambo la kujiandaa nalo ni nafasi ya diski. Picha moja ya megapikseli 24, ikishageuzwa kuwa ya rangi tatu kwa biti 32, hufikia takriban megabaiti 288, hivyo picha 100 zinadai karibu gigabaiti 29 katika hatua hiyo pekee. Mwenye kompyuta ndogo atafute diski ya nje kabla ya kitu kingine.

Matokeo yakifunguka huonekana meusi tii. Data zimo, ila mwanga bado haujatandazwa, yaani sehemu hafifu hazijang'arishwa zionekane, na kitufe cha kuonyesha kwa mtandazo wa kujiendesha hubadilisha kile unachokiona bila kuigusa picha yenyewe.

Hatua ninayoithamini kuliko zote ni kuondoa mwanga wa nyuma. Taa za mji huacha weupe unaopanda kutoka pembe moja ya picha, nami hujaribu kuukwepa kwa kulenga kusini, upande wa mashamba ya miwa, lakini haukwepeki wote. Siril huweka vijisanduku vya sampuli kote kwenye picha, ikakadiria umbo la ule mwanga na kuutoa. Vijisanduku vilivyoangukia nebula, yaani wingu la gesi na vumbi angani, lazima uvifute mwenyewe, la sivyo programu itaihesabu nebula yenyewe kuwa taa za mjini na kuififisha. Kazi hii hufanywa kabla ya kutandaza mwanga, na haistahili haraka. Kwangu ndiyo inayotenganisha picha ya Nebula ya Orion yenye mabawa yake na doa jeupe katikati ya ukungu.

Rangi hurekebishwa kwa kulinganisha nyota zilizomo kwenye picha na katalogi ya nyota kama ile ya Gaia, chombo cha angani cha Ulaya kilichopima nyota, na kwa hilo programu inahitaji kujua ulilenga wapi: unaandika M42, ambalo ni jina la Nebula ya Orion katika orodha, urefu wa lenzi na ukubwa wa pikseli. Naipenda njia hii kuliko kukisia kwa jicho, kwani skrini yangu si ya kuaminika kwa rangi. Baada ya hapo natandaza mwanga kwa hatua ndogondogo, nikiuchunga moyo wa nebula usiungue, nahifadhi faili la picha la aina ya TIFF, na marekebisho madogo ya mwisho nayamalizia kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo nayo ni ya bure.

Kwa anayeanza ningeichagua Siril kabla ya DeepSkyStacker, programu nyingine ya picha za anga ambayo kazi yake kubwa huishia kwenye kuunganisha. Vitufe vya Siril ni vingi, na vingi kati ya hivyo bado sijavihitaji.