Vidonge vya glukosi kwa anayevaa pampu ya insulini: tathmini ya mtumiaji

Tangu pampu za insulini zinazoongozwa na sensa, yaani kifaa kinachobandikwa mwilini kupima sukari mfululizo, zianze kutolewa kwa wingi huku Uingereza, baada ya NICE, taasisi inayopitisha matibabu ya kutolewa, kuziidhinisha Desemba 2023 na huduma ya afya ya taifa, NHS, kuanza kuzigawa Aprili 2024, wengi wetu wenye kisukari cha aina ya kwanza tumebadilisha kilicho kiunoni bila kubadilisha kilicho mfukoni. Sukari ikishuka, mkono unakwenda kwenye kilekile cha miaka ya sindano: chupa nzima ya soda, konzi ya peremende, au mkate uliopakwa asali. Tathmini hii inahusu hicho cha mfukoni, kwa sababu pampu ya aina hii inadai sukari kidogo, ya haraka, na inayojulikana uzito wake, na vitu vingi vinavyosifiwa kwa kazi hiyo hupungukiwa na angalau sifa moja kati ya hizo tatu.

Ili hukumu zangu zieleweke, sina budi kueleza kwanza kifaa chenyewe kinavyofanya kazi. Ninayoivaa ni Tandem t:slim X2 yenye programu ya Control-IQ, ambayo hupokea kipimo kutoka kwenye sensa ya Dexcom kila baada ya dakika 5 na kukadiria sukari itakuwa wapi dakika 30 zijazo. Ikiona sukari inaelekea chini, huanza kupunguza insulini ya msingi, yaani ile inayotiririka kidogo kidogo mchana na usiku; ikiona itafika chini ya milimoli 3.9 kwa lita, huisimamisha kabisa. Katika utafiti wa miezi sita uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu 168, waliotumia mfumo huu waliongeza muda wa kukaa kwenye viwango vizuri kutoka asilimia 61 hadi 71 ya siku, na muda wao wa kuwa chini ya 3.9 ulipungua. Hata hivyo pampu haiwezi kuifuta insulini iliyokwisha kuingia chini ya ngozi, ambayo huendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa. Inaweza kuzuia maji yasizidi kuingia chomboni, lakini kuyakumba ni kazi yako.

Kwa hiyo kengele inapolia, mara nyingi pampu huwa imekwisha kupunguza au kukata insulini muda mrefu kabla hujahisi jasho na mtetemeko. Kanuni ya gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka, kisha kungoja dakika 15 na kupima tena, bado ni sahihi kwa anayejidunga. Kwa anayevaa pampu inayojirekebisha, kliniki nyingi sasa huanza na gramu 5 hadi 10, na kuongeza pale tu ambapo sababu ipo: umejipa dozi ya chakula ambacho hukukimaliza, umetoka kutembea mwendo mrefu, au mshale wa sensa unaelekea chini moja kwa moja. Anayekula gramu 20 juu ya insulini iliyokwisha kukatwa hujikuta amepita 10, na hapo pampu, isiyojua kwamba ulikula kwa dharura, huongeza insulini na hata kutoa dozi ya kusahihisha. Baada ya saa moja au mbili anarudi alikotoka. Huo mzunguko ndio watu wengi wanaoulalamikia kuwa ubovu wa pampu, ilhali chanzo chake mara nyingi ni ukubwa wa chupa.

Hapa ndipo vidonge vya kutafuna vya glukosi vinapopata alama za juu kabisa. Kidonge kimoja cha Lift kina gramu 3.7 za wanga, na kimoja cha Dextro Energy kina karibu gramu 3, na vyote ni glukosi ambayo tumbo halihitaji kuivunjavunja kwanza. Kwa mtu mzima wa kilo 70, gramu 1 ya glukosi hupandisha sukari kwa takriban milimoli 0.2 kwa lita, kwa hiyo vidonge viwili vya Lift vinaweza kumtoa mtu kwenye 3.6 hadi karibu 5, bila kumrusha darini. Hakuna kinywaji kinachokupa uwezo huo wa kukata kiasi kwa kidonge kimoja kimoja. Kichupa cha Lift huingia kwenye mfuko wa shati na hufunguliwa kwa mkono mmoja, jambo ambalo mtu asiyetetemeka hawezi kulithamini. Vidonge vya mraba vinavyofungwa kwa karatasi ni vyembamba zaidi mfukoni, lakini karatasi ya aina hiyo ni adui wa vidole vinavyotetemeka, nami huifungua kabisa kabla ya kutoka nyumbani na kuhamishia vidonge kwenye kikopo kidogo.

Kasoro zake zipo. Ladha za matunda zinazoandikwa kwenye vichupa ni za jina zaidi kuliko za ulimi, vumbi la chaki hubaki mdomoni, na mwenye mdomo mkavu usiku wa manane hutafuna kwa taabu kabla ya kumeza. Kwa ajili ya usiku naona bora kuweka kando ya kitanda jeli ya GlucoGel, ambayo tyubu yake ya gramu 25 ina gramu 10 za glukosi, dozi inayokaribiana mno na mahitaji ya mvaa pampu. Kichupa cha maji cha Lift cha mililita 60 nacho ni chepesi kumeza, ila kina gramu 15 zote kwa pamoja, na sijaona mtu aliyeamka na jasho akanywa nusu yake na kufunga kifuniko.

Vinywaji vya dukani vinahitaji tahadhari ya pekee. Lucozade, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo jibu la kwanza katika nyumba za wagonjwa wa kisukari Uingereza, ilibadilishwa mwaka 2017, na wanga wake ukashuka kutoka karibu gramu 17 hadi karibu gramu 9 kwa kila mililita 100. Anayepima kwa mazoea ya zamani hupata nusu ya alichokusudia. Coca-Cola ya kawaida ina karibu gramu 10.6 kwa mililita 100, kwa hiyo mililita 75, ambazo ni chini ya nusu glasi, zinatosha kuanzia, na chupa nzima ya mililita 300 ni zaidi ya gramu 30. Soma kibandiko kila mara, kwa sababu soda isiyo na sukari hukaa rafu ileile, tena kwa rangi zinazofanana, na haisaidii kitu.

Vyakula vyetu vya pwani navitaja kwa sababu ndivyo ndugu hukimbilia kwa nia njema. Halua ina samli na kashata ina mafuta ya nazi au karanga, na mafuta huchelewesha sukari kutoka tumboni, kwa hiyo dakika 15 hupita bila mabadiliko, mtu anaongeza nyingine, na zote hufika damuni kwa pamoja baadaye. Shangazi yangu wa Tanga huniambia, "Mwanangu, kijiko kimoja cha halua kinatosha," nami simkatalii, ila huila sukari ikisharudi, tena kwa dozi yake. Asali na sukari ya mezani zinafaa pasipo na kingine, lakini karibu nusu ya utamu wake ni fruktosi, aina nyingine ya sukari, ambayo lazima ipitie kwenye ini, kwa hiyo hazina kasi ya glukosi. Tende nayo ni nzito na ina nyuzinyuzi. Anayefunga Ramadhani ambaye sukari yake imeshuka chini ya 3.9 anatakiwa afungue, na namshauri atangulize glukosi, tende ifuate. Madafu ni burudani tu, kwani utamu wake ni mdogo na hubadilika kwa kadiri ya umri wa dafu.

Bidhaa nzuri huharibiwa na matumizi mabaya, na pampu inayo masharti yake. Gramu ulizokula kwa ajili ya kujiokoa zisiandikwe kwenye kikokotoo cha dozi, la sivyo pampu itapendekeza insulini ya kuziua. Kipande cha mkate cha kusindikizia, ambacho waliojidunga walifundishwa, kwa kawaida hakihitajiki. Baada ya dakika 15 pima kwa kidole, usiitegemee sensa peke yake, maana sensa husoma majimaji ya chini ya ngozi na hubaki nyuma ya damu. Watu wengi huongeza vidonge kwa sababu skrini bado inaonyesha 3.4 wakati kidole kingesema 4.8. Anayelala juu ya mkono wenye sensa anaweza kuamshwa na kengele ya uongo, na tone moja la damu humwokoa na gramu asizozihitaji. Kwa dereva wa huku, mamlaka ya leseni inataka ale kitu kidogo kabla ya safari sukari ikiwa 5 au chini yake, na ikishuka chini ya 4 asimame, ajitibu, kisha angoje dakika 45 baada ya kurudi kawaida. Vidonge viwe pale mkono unapofika, si kwenye buti la gari.

Hakuna kidonge wala jeli kati ya nilivyovitaja kinachofaa kwa mtu aliyepoteza fahamu au asiyeweza kumeza, kwa kuwa kinaweza kumpalia. Huyo ni wa glukagoni, dawa inayopandisha sukari, ya sindano au ya unga wa puani, na wa gari la wagonjwa, na wa nyumbani wajue mapema namna ya kuisimamisha pampu au kuichomoa.

Kwa walio Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, ambako vidonge hivi si rahisi kuvipata katika kila duka la dawa, bidhaa ninayoipendekeza ni glukosi ya unga ya kopo au pakiti, ambayo ni rahisi kuipata na ni glukosi ileile iliyomo kwenye vidonge. Soma kibandiko uhakikishe kwamba ni glukosi tupu, pima gramu 8 kwa mizani ya jikoni, zifunge kwenye vipakiti vya plastiki vinavyozibwa vizuri, na andika uzito juu yake kwa kalamu isiyofutika. Unyevunyevu wa pwani huufanya unga ushikane na kuwa jiwe, kwa hiyo tengeneza vipakiti vichache kwa wakati mmoja, na pamoja na kila kipakiti beba chupa ndogo ya maji, kwa sababu kuulamba mkavu kunakausha mdomo kuliko kidonge chochote. Kama kliniki yako imekupangia kiasi kingine, hasa kwa mtoto au mjamzito, kipime hicho badala ya changu.