Uzoefu wangu na distosheni niliyojitengenezea (ile ya 741)

Ni pedali ya gitaa ya kukwaruzisha sauti, nina miezi minne naitumia sasa, mazoezini na kanisani, kwa hiyo naona naweza kuiongelea bila ushabiki. Nilifata mchoro wa pedali ya MXR Distortion+ ya miaka ya 70, aisii moja tu ya 741 (chipu ya kukuza sauti), rezista na kapasita za kuhesabika, dayodi mbili, betri ya 9 volti basi. Vitu nilivipata Kariakoo vyote kasoro kimoja ambacho nakuja kukisema maana ndo kilinisumbua kuliko vyote.

Kazi yake kwa kifupi, 741 inakuza sauti ya gitaa mpaka zaidi ya mara 200, halafu zile dayodi mbili zimekaa zimepishana kwenda graundi, sauti ikizidi kiwango zinaimwaga, ndo hapo inakwaruza. Mi sikuamini mpaka nilipoiona kwa macho. Nilipiga toni ya hezi 440 kutoka kwenye simu ikapita kwenye sakiti ikaingia kwenye laptop (volyum chini kabisa, usije ukaua laptop yako), nikafungua Audacity, programu ya kurekodi inayoonyesha mawimbi ya sauti. Toni inaingia mawimbi ya mviringo mazuri, inatoka imenyolewa juu na chini flati kama meza. Nilikaa naangalia hiyo kitu nusu saa nzima, wife anauliza chai inapoa unafanya nini huko.

Sasa hizo dayodi. Mchoro unataka za jemanium, zinafunguka kwenye 0.3 volti hivi, sauti inakuwa laini. Za kawaida za silikoni kama 1N4148 zinafungukia 0.6 na kitu. Duka moja nikauziwa "jemanium orijino" kwa bei ambayo ningepata 1N4148 za mwaka mzima, kufika home naweka mita inasoma 0.61. Silikoni hiyo, imevalishwa kioo tu! Nikarudi, jamaa ananiambia "bro zote ni dayodi". Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi redio mtaani kwetu, nikamweleza shida yangu akacheka, "kijana wangu, hiyo unayoitafuta ipo kwenye redio za zamani, inayokamata AM," akanipa redio mbovu mbili nizichambue mwenyewe. Mita ikasoma 0.28 na 0.31. Shikamoo mzee.

Nimeziwekea soketi ndogo niwe nabadilisha bila kuchomelea tena, na hili namshauri kila mtu. Jemanium sauti inashuka kidogo ila ni nene na tamu kwenye solo. Silikoni ni kali, inapasua bendi. Nikajaribu na LED nyekundu mbili, hizo mpaka kama 1.7 volti ndo zifunguke, sauti kubwa balaa na zinawakawaka ukipiga uzi, watoto wanazipenda hizo tu. Nilijaribu pia kuchomoa 741 nikaweka TL071 (aisii nyingine ya kukuza sauti), miguu inalingana, kelele za shhhh zilipungua kweli lakini ikawa inachoma masikio, nikairudisha 741.

Makosa yangu: boksi la kwanza lilikuwa kontena la plastiki la chakula, aisee mvumo ngiiiii muda wote. Nikahamia kwenye boksi la chuma la soketi za ukutani, lile la 6x3, na mfuniko wa bati, nikaunganisha graundi kwenye chuma, kimya. Kosa la pili niliokota adapta ya ruta ya 9 volti nikachomeka, kumbe katikati yake ni chanya na mi jeki yangu nimefunga katikati hasi kama pedali nyingine, nikagusa aisii ikaniunguza kidole, imekufa. Sasa hivi kuna dayodi ya 1N4007 kwenye njia ya chanya, umeme ukigeuzwa haupiti, inakula 0.7 volti lakini nalala usingizi. Na ukweli ni kwamba adapta za bei chee hata ukizipatia zinaleta kelele, betri ndo kila kitu.

Je inafaa? Kwa solo ndiyo, kwa rumba hapana. Ukipiga kodi (sio za TRA jamani) ya nyuzi zote sita inakuwa uji, nyuzi mbili tatu mwisho, kwa hiyo kwenye sebene mi huwa naizima kabisa. Mpiga besi wetu naye aliijaribu akalalamika tumbo lote limeisha, ni kweli, gain (kiasi cha kukuza sauti) ikiwa mwisho kapasita ya mikrofaradi 0.047 na rezista ya kilo-omu 4.7 zinapunguza kila kitu chini ya kama hezi 720.

Kingine, volyum ya gain. Nilianza na ya mega-omu 1 ya kawaida, unazungusha hakuna kitu, hakuna kitu, halafu mwishoni kabisa ghafla inalipuka. Inatakiwa ile ya logi ya kinyume (inayobadilika taratibu kuelekea mwisho) ambayo madukani wananishangaa nikiitaja, nikachukua ya redio, logi ya kawaida, nikaifunga kwa kuigeuza. Inapanda vizuri sasa, ila kuongeza ni kuzungusha kushoto, na kila anayeniazima jukwaani anaikaza kulia mpaka mwisho halafu ananigeukia eti pedali yako haina nguvu.