Vioo vya vidole gumba vyetu vitatu

Mwaka 2019, laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, baba yangu aliweka kidole mashine ikagoma mara tano. Miaka 31 ya uashi, saruji na matofali, ilishamla mistari yote ya dole gumba. Wakala akamwambia mbele ya foleni nzima, "Mzee, wewe huna alama." Nilikuwepo, na sijasahau uso wake.

Kwa hiyo niliposikia kuna msanii hapa Dar anayechapa alama za vidole vya familia kwenye kioo, nilimpeleka baba huku moyo ukinidunda. Dada yule alimwamkia, akamkalisha, akamsafisha kidole kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ndipo akampaka wino. Chapa ya kwanza kwenye karatasi ilitoka doa tu. Ya nne ikaonyesha mistari michache pembeni, katikati patupu. Nikamwomba apajazie kwa kompyuta. Akakataa: "Nikipajaza, hiki kitakuwa kidole changu, si cha mzee."

Kazi yenyewe ni vioo vitatu vya milimita 4, sentimita 30 kwa 40, vimesimama kwenye kitako cha mninga. Alama zimekuzwa mpaka si vidole tena: unaona mawimbi, matuta ya shamba. Zimechapwa kwa skrini kama fulana, ila wino wake ni unga laini wa kioo wenye rangi, ambao ukichomwa kwenye tanuri huyeyuka ukashikana na kioo. Nimekwangua kwa kucha, nimefuta kwa spiriti, haitoki.

Cha baba kiko mbele, kwa bluu. Pale katikati palipo wazi ndipo mistari ya mama, rangi ya kahawia, inapopitia, na yangu nyuma yake. Ukisogea hatua moja kushoto, zinaachana. Siku moja nilimweka mama mbele: mistari yake imeshonana, baba akapotea kabisa. Nikarudisha haraka.

Kasoro ipo. Mitaro ya kitako ni mipana, lori likipita vioo vinalia. Nimechomeka vipande vya kadibodi. Bei, shilingi 240,000, ilinibana, lakini ningelipa tena leo hii.

Kitako kina mtaro wa nne usio na kitu. Nilidhani fundi alikosea, mpaka nilipompigia simu kuulizia cha kaka yangu anayerudi Desemba. "Nafasi yake ipo," akaniambia. "Mzee aliniomba siku ile ile."