Miezi Mitatu Bila Kuhesabiwa: Tathmini ya Intaneti ya Nyumbani, Kiamunyi

Agosti mwaka uliopita tuliingiza nyumbani kwetu Kiamunyi, hapa Nakuru, huduma ya intaneti isiyotumia waya: ruta ndogo nyeupe inayopokea mawimbi ya 5G kutoka mnarani na kuisambazia nyumba nzima Wi-Fi. Kifurushi tulichochagua ni cha kasi ya Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) kwa shilingi 4,000 kwa mwezi, chenye kikomo cha GB 500, na kikomo hicho kikishafikiwa kasi hushushwa hadi Mbps 1 mpaka mwezi uishe. Kampuni ilikuwa na ofa kwa wateja wapya, kwamba kwa miezi mitatu ya mwanzo matumizi yasingehesabiwa kabisa. Kikomo chenyewe ninakielewa na ninaweza kuishi nacho. Kilichotuumiza ni namna ofa hiyo ilivyoendeshwa, na ndilo jambo ambalo ningependa anayefikiria kuichukua huduma ya aina hii alijue kabla hajalipa.

Nianze na sifa, kwa maana zipo. Fundi alifika siku ileile tuliyoagiza. Alikuta tumeandaa nafasi kwenye kabati la runinga, akaikataa, akaizungusha ruta chumba hadi chumba huku akiangalia taa za mawimbi, mpaka alipoiweka kwenye dirisha linalotazama Menengai na taa zikapanda kutoka mbili hadi nne. Tangu hapo, ukiondoa siku tulizopunguziwa kasi kwa kufikia kikomo, kasi ya kupakua haijashuka chini ya Mbps 16 hata saa mbili za usiku, wakati mtaa mzima unatazama taarifa na michezo, na mvua za Oktoba hazikuitikisa. Kasi ya kupakia ni ndogo zaidi, takriban Mbps 8, lakini kwangu mimi ninayehariri video za harusi na mazishi ilitosha.

Katika miezi hiyo mitatu tuliishi bila kuangalia nyuma. Watoto walitazama vipindi vyao, shemeji yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Egerton alihudhuria mihadhara kwa video, nami nilipakia faili zangu mchana badala ya kwenda nazo mjini. Kila nilipofungua programu ya kampuni kwenye simu, mahali pa matumizi palisomeka maneno mawili tu: «Hakuna kikomo». Hapakuwa na tarakimu hata moja.

Usiku wa tarehe 31 Oktoba tulipokea ujumbe mfupi kwamba ofa imefika mwisho. Wiki hiyo ndiyo shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ndefu, na yeyote mwenye watoto anajua maana yake kwa runinga ya sebuleni. Tarehe 16 Novemba, saa kumi na moja jioni, nikiwa katikati ya kupakia harusi ya GB 12 ambayo familia moja ya Molo iliisubiri, mstari wa maendeleo ulisimama kwenye asilimia 38. Kwa Mbps 8 faili hiyo huchukua saa tatu na dakika ishirini. Kwa Mbps 1 ingechukua karibu saa 27. Niliichomoa diski, nikapanda matatu hadi saiba moja ya Kenyatta Avenue, nikalipia meza na kukaa pale mpaka wanafunga.

Kesho yake nilipiga simu huduma kwa wateja. Msichana aliyepokea alikuwa mpole na mwenye subira, na ninamshukuru kwa hilo. Aliniambia: «Pole sana, mteja wetu, lakini matumizi yako hayajabadilika sana tangu Agosti. Ni vile sasa yanahesabiwa.» Nikamwuliza alijuaje. Akaniomba nisubiri kidogo, kisha akanisomea: Agosti GB 610, Septemba GB 655, Oktoba GB 702. Kumbe hesabu ilikuwepo muda wote. Kampuni ilijua tangu mwezi wa kwanza kwamba kifurushi tulichouziwa hakitutoshi, na sisi ndio pekee tuliofichwa. Ni kama mtu afunikiwe mita ya stima kwa kitambaa kwa miezi mitatu, kisha afunuliwe siku tokeni zinapokwisha. Kama ningeziona tarakimu zile mwezi Agosti, ningehamia kifurushi kikubwa mapema, au ningebadili mazoea ya nyumba taratibu, bila kukimbizana na diski mkononi.

Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za mawasiliano za mwaka 2010, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, zinampa mteja haki ya kupata maelezo kamili na yaliyo wazi kuhusu bei na masharti ya huduma. Kwa maoni yangu, sharti linalotegemea kiasi cha matumizi haliwezi kuwa wazi ikiwa kiasi chenyewe kimefichwa.

Tangazo la kifurushi nalo linahitaji kusomwa kwa kalamu. Kasi ya Mbps 20 ikitumika yote ni GB 9 kwa saa, maana biti nane hufanya baiti moja; kwa hiyo GB 500 huisha kwa saa 55 na nusu za kasi kamili, yaani siku mbili na robo katika mwezi wenye siku 30. Hakuna nyumba inayotumia hivyo mfululizo, lakini Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, na runinga moja ikiwashwa saa nne kila siku ni GB 360 kwa mwezi, kabla ya mtu yeyote kufungua kompyuta.

Ninakubali kwamba mnara hugawana uwezo wake kati ya nyumba zote unaozihudumia, na kwamba asiyejizuia humpunguzia jirani. Hata hivyo msongamano huja saa za jioni. Gigabaiti ya saa tisa usiku haimbani mtu, lakini kikomo cha mwezi huihesabu sawa na ile ya saa mbili. Kule Marekani, kampuni ya intaneti ya Comcast walisimamisha vikomo vyao Machi 2020 wakati wa korona, na walipovirudisha Julai mwaka huo walivipandisha kutoka TB 1 (takriban GB 1,000) hadi TB 1.2. Ofa ya muda ilipokwisha, angalau kikomo kilikuwa kimesogezwa. Kwetu kilirudi palepale.

Kwa sababu hiyo ninaisifu kwa moyo wote ofa waliyoileta Desemba, ambayo haikutangazwa kwa kelele: matumizi ya kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hayakuhesabiwa mpaka mwisho wa mwezi. Safari hii programu ilionyesha safu mbili, ya mchana na ya usiku, kila moja na tarakimu zake. Niliipanga kompyuta ianze kupakia yenyewe saa sita na dakika tano. Kwa saa sita za usiku hupita GB 21, ambazo ni harusi nzima na mazishi moja. Mwezi ulipoisha safu ya usiku ilisoma GB 188 na ya mchana GB 431, nasi hatukupunguziwa kasi hata siku moja, ingawa watoto walikuwa nyumbani.

Ofa hiyo nayo imekwisha, na nimewaandikia nikiwaomba waifanye ya kudumu. Anayejiunga sasa akiwa ndani ya miezi isiyohesabiwa apige simu kila mwisho wa mwezi aombe kusomewa matumizi yake, kwa sababu wanayo na hawakatai kuyatoa. Januari hii nimelipia kifurushi kilekile cha GB 500, runinga tumeishusha kwenye ubora wa kawaida unaokula GB 1 kwa saa, watoto wamerudi shule, na leo tarehe 9 programu inasoma GB 131.