Apu ya kukulinganisha na mgombea: naipa nyota 3 kati ya 5

Jamani nimeitumia hii apu ya kukuambia mgombea gani mnaendana, ile unajibu maswali halafu inakutolea asilimia, na kuna sehemu imenisaidia sana na kuna sehemu imeniudhi.

Wazo lenyewe si geni. Waholanzi walianza na StemWijzer mwaka 1989, enzi hizo ni kijitabu cha karatasi, Wajerumani wakaja na Wahl-O-Mat 2002, unakubali, unakataa au uko katikati, na hoja inayokugusa zaidi unaiwekea alama ihesabiwe mara mbili. Hii yangu nayo chini ya kila swali ina kimstari unavuta kwa kidole kuonyesha suala lina uzito gani kwako, na hapo ndipo penye utamu wake wote. Swali la utoaji mimba nililiacha katikati, mgombea wangu akatoka wa kwanza. Nikarudi nikavuta mpaka mwisho kabisa, "muhimu sana", akashuka wa tatu! Nikabaki nimeshika simu najiuliza, kwani mimi huyu nilimpendea nini? Yaani nilimpenda kwa sababu tunasali dini moja, basi, anasimamia nini sikuwahi hata kuuliza.

Na si mimi tu. Kennedy, akigombea urais wa Marekani mwaka 1960, ilibidi aende Houston kuwaambia wachungaji wa Kiprotestanti kwamba Ukatoliki wake hautamwamulia kazi ya urais, manake watu walikuwa wanaangalia dini yake kwanza. Halafu mcheki Carter, mgombea urais mwingine wa hukohuko, mlokole asiyejificha, mwalimu wa shule ya Jumapili, 1976 walokole wengi walimpa kura, 1980 wengi wao wakahamia kwa mpinzani wake Reagan ambaye alikuwa ameshampa talaka mke mmoja... sorry, walishaachana na mke wa kwanza, na zamani hizo talaka kwa mgombea ilikuwa doa. Mambo kama utoaji mimba na sala mashuleni yalikuwa yameshapanda uzito kuliko nani anaenda kanisani.

Sasa kilichoniudhi. Dini wameiwekea swali moja tu, eti dini ya mgombea ni muhimu kwako, ndiyo au hapana. Mimi nataka mtu mcha Mungu lakini sitaki amlazimishe jirani yangu kuishi kwa imani yangu, hilo nalijibu wapi?

Kubwa zaidi ni kwamba haiangalii kiti. Inamuuliza mgombea udiwani msimamo wake kuhusu ndoa za jinsia moja na inampa alama zilezile kama za mgombea urais, wakati diwani hatungi sheria ya ndoa, kazi yake ni mitaro na takataka. Tena mamlaka yenyewe huhama, Marekani mahakama ya juu kabisa ilipofuta Juni 2022 Roe v. Wade, ile hukumu iliyokuwa inalinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, suala la utoaji mimba likarudi majimboni, kwa hiyo gavana na wabunge wa jimbo ghafla wakawa na uzito ambao juzi hawakuwa nao. Mtu anaweza kumnyima kura diwani mchapakazi kwa jambo ambalo hata akitaka hawezi kuligusa, na apu imemsaidia kukosea.

Ukiipakua ijibu mara mbili, kwanza usiguse ule mstari, mara ya pili uvute kwa ukweli wa moyo wako, uone nani kapanda na nani kashuka. Wakirekebisha hilo la kiti narudi kuongeza nyota.