Pancha ya Jumapili msituni: uzoefu wangu na msafara wa magari ya spoti Ujerumani

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Nianze na kiongozi wa msafara, mengine yatafuata nikishapoa. Wateja wako wamelala peke yao kwenye mji wasioujua, wamekufikia jioni ya siku ya pili wako hoi, halafu wewe unawapita mlangoni pa gari bila hata kuwatazama usoni. Jamaa alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma, akachuchumaa, akapitisha kidole taratibu kuzunguka rimu yote, akalamba kidole, akafuta vumbi sehemu moja aone kama ni mkwaruzo au uchafu, akatoa simu akapiga picha. Ndipo akainua kichwa. "Kumbe mmefika." Basi! Salamu hakuna, pole hakuna. Mimi nimelelewa Tanga. Kwetu hata anayekudai anapiga hodi, anauliza habari za nyumbani na watoto, ndiyo anataja deni lake.

Sasa sikilizeni tulifikaje hapo.

Shemeji yangu anaishi karibu na Stuttgart, ana miaka mingi kule, na ndiye aliyeliona tangazo. Magari ya spoti kama kumi hivi, kila gari watu wawili, mnaanzia Stuttgart, mnapita Msitu Mweusi, mnashuka ziwa Bodensee, halafu mnafuata milima ya Alps mpaka München. Hoteli wameshaweka wao, njia wamepanga wao, kila gari lina redio ya mkononi, na kuna "usaidizi saa 24". Hayo maneno ya mwisho yashikeni. Bei sitaji, mke wangu anasoma hapa.

Tangazo lina picha ya gari linakata kona kwenye uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring, ile njia yake ndefu ya kaskazini ya karibu kilomita 21, iliyofunguliwa mwaka 1927. Njia yetu haigusi Nürburgring hata kwa bahati mbaya, iko kwenye vilima vya Eifel huko mbali, na mkataba wao wenyewe, kwa herufi za kusomea kwa miwani, unasema ukiingiza gari kule bima imekufa. Sasa picha ya nini? Wageni wengine walichachamaa kuhusu hilo siku ya kwanza. Mimi na shemeji tulinyamaza, maana tulikuwa tumeshakabidhiwa funguo ya Porsche 911, na mtu mwenye funguo ya 911 mkononi anasamehe mengi.

Jumapili asubuhi tukaanza B500, wanaiita barabara ya juu ya Msitu Mweusi, kutoka Baden-Baden kwenda Freudenstadt. Na hapa lazima niseme ukweli, waliopanga siku walikuwa na akili. Ujerumani malori ya zaidi ya tani 7.5 hayaruhusiwi kutembea Jumapili mpaka saa nne usiku. Kwa hiyo mbele yako hakuna lori la mbao linalojikongoja, ni lami na kona tu. Misonobari imesimama pande zote mpaka unaona kiza, ghafla inafunguka, na upande wa kulia bonde la Rhine liko chini kabisa, ng'ambo yake milima ya Ufaransa. Vibao vya 70 vipo sehemu kadhaa na ukivipuuza picha yako itafika nyumbani kabla yako, lakini kwa kona zile 70 inatosha kabisa. Tulisimama Mummelsee, ziwa dogo leusi lililo juu ya mita 1,000, tukala ile keki yao ya cheri, tukapigana picha kama kawaida ya watalii.

Tulipotoka pale hatukwenda mbali. Basi la watalii lilikuja kwenye kona limekula nusu ya upande wetu. Shemeji, aliyekuwa kwenye usukani, akabana kulia, tairi la nyuma likakwangua ukingo wa jiwe. Tukasikia pwaa, halafu ule mlio wa kupwaya ambao dereva yeyote anaujua.

Pancha ni pancha, simlaumu mtu kwa pancha. Nilibonyeza redio nikasema gari namba saba limepata pancha, tumesimama. Redio ikakwaruza kidogo. Kisha sauti ya kiongozi, imetulia kabisa: "Namba saba, pigeni namba ya usaidizi. Tuna ratiba, na wenzenu nao wamelipa."

Wenzetu nao wamelipa! Kwani sisi tulikuja kwa sadaka?

Nikabonyeza tena, nikaita, nikaita. Kile kiredio masafa yake mafupi na msitu ule mzito, baada ya kona mbili tatu hamsikilizani tena. Tukavaa vizibao vya njano, tukaweka pembe tatu nyuma, tukafungua buti (iko mbele, injini iko nyuma) kutafuta spea. Spea hakuna. Magari haya karibu yote hayana. Unapewa chupa ya dawa ya kuziba na kipampu cha umeme, na dawa ile inafaa kwa tundu la msumari kwenye kashata za tairi. Letu lilikuwa limechanika ubavuni, unaingiza vidole viwili. Ubavu hauzibwi kwa dawa, fundi yeyote wa chini ya mwembe Dar atakwambia.

Na huyo fundi wa chini ya mwembe ndiye niliyemkumbuka. Kwetu ungetembea hatua chache ungemkuta na kompresa yake na ndoo ya maji, Jumapili, Idi, Krismasi, haijalishi. Nikamwambia shemeji tutafute duka la matairi mji wa karibu. Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, leo Jumapili. Hapa Jumapili imo kwenye katiba." Nikadhani ananitania. Kumbe kweli, Jumapili yao inalindwa na kifungu kilichoandikwa kwenye katiba yao ya zamani, ya Weimar, ya 1919, na katiba ya sasa imekibeba kilekile. Vituo vya mafuta viko wazi, mikate utapata asubuhi, lakini tairi pana la nyuma la gari la spoti sahau.

Tukapiga ile namba ya usaidizi saa 24. Ikapokelewa na mashine. Shemeji alinitafsiria: ofisi hufunguliwa Jumatatu mpaka Ijumaa.

Kilichotuokoa ni kadi ya shemeji ya uanachama wa ADAC, ile klabu ya wenye magari ya tangu 1903. Uanachama unamfuata mtu, siyo gari, kwa hiyo hata kwenye gari la kukodi anahudumiwa. Lori la njano likaja baada ya muda si mfupi. Mzee aliyeshuka alifuta mikono kwenye suruali, akatushika mkono wote wawili, akauliza kama kuna aliyeumia. Baada ya hapo ndipo akainama kutazama tairi. Mzee yule hatukumlipa kitu na hatujui alikotoka, kiongozi tumemlipa maelfu ya euro. Nikilinganisha damu inanichemka mpaka sasa hivi ninapoandika.

Tukalala Freudenstadt kwa pesa yetu. Mji mzuri, wanajivunia uwanja wao wa soko kuwa ndio mkubwa kuliko wote Ujerumani, na Jumapili usiku ulikuwa wetu peke yetu. Hoteli yetu tuliyokwishalipia ilikuwa Lindau, mji wa ukingoni mwa Bodensee, imelaliwa na hewa. Jumatatu duka la matairi likaagiza tairi kutoka Stuttgart, tukalipa, risiti ninayo. Tulipotoka alasiri imeingia.

Halafu ndiyo ikaja A81, barabara kuu ya mwendo kasi.

Nataka niendelee kukasirika lakini A81 inaniharibia. Shemeji akaniambia shika wewe. Barabara inashuka kusini kuelekea mji wa Singen, njia mbili mbili, na unapofika kile kibao cheupe chenye mistari myeusi ya mshazari, maana yake ukomo wa mwendo umekwisha. Tangu 1978 wanashauri 130, ni ushauri tu, ingawa ukivuka hapo ukapata ajali wanaweza kukubebesha sehemu ya lawama hata kama kosa si lako. Shemeji alikuwa na sheria moja: kioo. Kabla hujaenda kushoto tazama kioo, tazama tena, maana kale katone ka taa unakokaona mbali kule nyuma baada ya kufumba na kufumbua kako kwenye bampa lako. Na ukimaliza kuovateki rudi kulia. Kuovateki kwa kulia ni marufuku, na cha ajabu watu wanatii. Hakuna daladala ya kukuchomekea, hakuna bodaboda wala ng'ombe.

Nikakanyaga. 180 ikapita sikuisikia. 200 upepo ukabadilika sauti. 230 usukani ukawa mzito kidogo mkononi, gari likajilaza chini, injini ikaimba mgongoni, na shemeji ambaye hanyamazi akanyamaza. Kisha ukaja uzio wa matengenezo ya barabara na kibao cha 80, na barabara kuu za Ujerumani vimejaa, sikudanganyi. Lakini dakika zile chache! Karibu na Singen vikatokea vile vilima vya volkano za kale vya Hegau, kimoja kimoja, jua linazama. Kwa nusu saa nilikuwa nimesamehe kila mtu.

Ndipo tukafika Lindau na yule bwana akachuchumaa kwenye rimu.

Siku zilizobaki zilikuwa nzuri, nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Barabara ya Alps inayoanzia pale Lindau, kilomita 450 hivi mpaka upande wa ziwa Königssee, ni ya kuonwa na kila mwenye leseni. Ngome ya Neuschwanstein ni foleni mwanzo mwisho, msihangaike nayo. Choo cha barabara kuu euro moja, wekeni sarafu. Na kulikuwa na wazee wawili Waholanzi, mume na mke wa gari namba tatu, waliotuwekea sahani zetu za chakula zimefunikwa usiku ule, na tukaambiwa bibi ndiye aliyemgombeza kiongozi mezani mbele ya watu mpaka akaacha supu yake. Msafara ukiwa na watu wa namba tatu unakwendeka.

Kwa hiyo nyota tatu. Nilikuwa nimeshaandika tatu.

Lakini wiki kadhaa baada ya kurudi Dar, dhamana ikarudi pungufu. Wamekata bei ya tairi, lile ambalo tumelilipa sisi na risiti tumewatumia, wameongeza na kitu wanachokiita gharama ya kuvuruga ratiba. Tumewaandikia. Wamejibu kwa adabu nyingi na kuponi ya punguzo la safari ijayo. Shemeji anataka tuitumie, anasema njia ni ileile ya A81 na safari hii tubebe tairi letu. Sijamjibu. Ila nimeshapoa kidogo, ile nyota moja ya juu naifanya mbili: moja ya barabara, moja ya bibi wa gari namba tatu, na wakirudisha pesa ya tairi nitakuja kubadilisha hapa hapa.